Mafuta ya perege wa bwawani na mafuta ya vibua ni kitu kimoja?

MamaKarai (Ngamiani, Tanga), Jumatatu saa 3:12 usiku

Assalaam alaykum, na habari za usiku kwa wote.

Mimi nakaanga samaki barabara ya kumi na nne, karai langu wanalijua hata watoto wa shule. Kwa hiyo msinifundishe samaki, nifundisheni mafuta.

Mwezi uliopita Baba Rukia alipimwa, akakutwa na presha na mafuta mengi kwenye damu. Tulipewa karatasi yenye neno trigliseraidi na tarakimu iliyozungushiwa kalamu nyekundu. Daktari akasema apunguze nyama, ale samaki, "hasa wale wenye mafuta." Akaita mgonjwa mwingine. Wenye mafuta ni wepi sikuuliza, nilikuwa nimeshika mkoba, karatasi, na mume aliyenuna.

Sasa shemeji yangu ana mabwawa matatu Muheza. Kila Alhamisi anatuletea ndoo ya perege, bure. Nikiwapasua nakuta mafuta meupe yamezunguka utumbo, manene kama ya kuku wa kisasa. Baba Rukia anafurahi: "Si daktari kasema wenye mafuta? Hawa hapa!" Mimi moyo wangu haujatulia. Vibua ninaowachukua soko la samaki la Deep Sea alfajiri hawana mafuta ya namna hiyo tumboni, lakini ukimweka kibua kwenye mkaa anajitolea mafuta mwenyewe mpaka moto unawaka, na mikono inanuka bahari hata uoshe kwa ndimu. Perege ukimchoma bila kumpaka kitu anashika wavu, ngozi inabaki pale.

Je, mafuta haya ni sawa? Na kama si sawa, nimpe yupi? Shemeji sitaki kumvunja moyo, ila mume ni wangu.

Makorora_Damu, saa 3:40 usiku

Mama achana na samaki wa kufuga, wale ni dawa tupu. Kuna video inazunguka kwenye simu, mzungu anasema perege ni mbaya kuliko nyama ya nguruwe. Nguruwe mama! Hapo si suala la afya tena.

PumbaNaMashudu (Pongwe), Jumanne saa 1:05 asubuhi

Shikamoo mama. Nilisoma ufugaji wa samaki Mbegani kule Bagamoyo, na sasa nasaga chakula cha kuku na samaki hapa Pongwe. Wafuga perege ndio wananiweka mjini. Nalisema mapema usije ukalisikia kwa mwingine.

Nianze na video ya mdogo wangu wa Makorora, maana imenitesa dukani miaka. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walipima mafuta ya samaki wanaoliwa sana kwao. Wakakuta perege wa kufugwa ana omega-3 kidogo, yaani yale mafuta yanayosifiwa kwa moyo, na omega-6 nyingi, aina nyingine ya mafuta, hasa ile iitwayo asidi arakidoniki, wakataja na nyama ya nguruwe katika kulinganisha. Watu wakashika neno nguruwe, mengine wakaacha. Mwaka huo huo wanasayansi wengine waliandika barua ya wazi kupinga ulinganisho ule, kwa sababu perege kwa jumla ana mafuta machache mno. Ubaya wa mafuta asiyokuwa nayo unamlaumu vipi? Lakini barua haina muziki wa kutisha nyuma yake, kwa hiyo haikusambaa.

Sasa swali lako mama. Hapana, si sawa.

Zile omega-3 zinazosifiwa kwa moyo na damu ni mbili hasa, EPA na DHA. Kibua hazitengenezi yeye, au akitengeneza ni kidogo sana. Zinaanzia kwenye mwani mdogo wa baharini usioonekana kwa macho. Vijidudu vya majini vinakula mwani, dagaa anakula vijidudu, kibua naye anawala vijidudu na samaki wachanga, jodari anawameza wote. Kila mmoja anarithi mafuta ya aliyemla. Kibua ni ghala, shamba liko chini kabisa.

Kwa nini mwani na samaki wa bahari wawe na mafuta ya namna hiyo? Chukua chupa ya mafuta ya nazi, ipeleke Lushoto mwezi wa saba. Asubuhi imeganda, unachota kwa kijiko. Ya samaki wa baharini hayagandi hata huko. Samaki anayeishi kwenye maji ya baridi akiwa na mafuta kama ya nazi mwilini angekauka kama ubao. Ndiyo maana wa bahari za baridi sana wanazidi hata hawa wetu.

Perege wa Muheza hana huo mnyororo. Ana uwezo wa kubadilisha kidogo mafuta ya mimea kuwa DHA, kuwazidi samaki wengi wa baharini kwa hilo, lakini ni polepole na ni kidogo. Majedwali ya vyakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha gramu 100 za mnofu mbichi wa perege zina mafuta yasiyofika gramu 2, na humo EPA na DHA pamoja hazifiki hata gramu 0.1. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima apate miligramu 250 za hizo mbili kwa siku. Kwa perege peke yake Baba Rukia atakula zaidi ya robo kilo ya mnofu mtupu, kila siku, Alhamisi mpaka Alhamisi.

Na yale mafuta meupe ya tumboni, unayapeleka wapi?

MamaKarai, saa 4:30 asubuhi

Marahaba baba, ahsante kwa kusema ukweli wa biashara yako.

Ya tumboni nayatupa na utumbo, paka wa jirani wananijua kuliko wateja. Siku moja Baba Rukia aliniambia niyaache. Niliyaacha. Yalinuka tope, akasema tena nisimletee.

Chakula cha wale perege nimempigia shemeji kumuuliza. Anasema pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, na ugali unaobaki kwenye shule moja ya bweni hapo karibu. Zamani alikuwa anaweka samadi ya ng'ombe maji yawe kijani, siku hizi kaacha kwa sababu wateja walimcheka.

PumbaNaMashudu, saa 5:02 asubuhi

Alaa! Basi tumemkamata.

Ugali mwingi ule ni wanga. Samaki akila wanga kuliko anavyohitaji anaugeuza mafuta, kama sisi na vitumbo vyetu, na perege anayaweka hasa tumboni kuzunguka utumbo. Mafuta anayojitengenezea kutoka kwenye wanga si omega-3 hata tone. Ni ya kawaida, yenye kuganda na yale ya jamii ya mafuta ya zeituni. Kwa hiyo Baba Rukia anaposhangilia unene wa tumbo anashangilia ugali wa shule uliobadilisha jina. Na wewe unayatupa, kwa hiyo hata hayafiki mezani.

Mashudu ya alizeti ni hadithi nyingine. Mashine ndogo za kukamua haziyamalizi mafuta, mengi yanabaki kwenye shudu. Mafuta ya alizeti yamejaa asidi linoleiki, ambayo ndiyo mama wa omega-6 zote. Pumba za mahindi vilevile. Samaki anakuwa kama alivyolishwa: wale unaowapasua wana alizeti na mahindi ndani ya mnofu. Perege anaihitaji linoleiki ili akue, si sumu, ila hakuna kilichompa upande wa pili, wa omega-3.

Na pale alipoacha samadi alikosea, mwambie kwa salamu zangu. Maji ya kijani ni mwani, na mwani una omega-3 za mwanzo. Akila huo pamoja na pumba anakuwa na mafuta yenye uwiano mzuri zaidi kuliko wa pumba tupu. Wateja wacheke.

Kama anataka kuwaongezea kweli, miezi miwili mitatu ya mwisho kabla ya kuvua apunguze mashudu, aweke unga wa dagaa. Mafuta mapya yanaingia mwilini, ya zamani yanapungua taratibu. Wafugaji wakubwa duniani wanaufanya mchezo huo.

MamaKarai, saa 5:20 asubuhi

Ngoja kwanza. Shemeji anunue dagaa, awasage, awape perege, halafu perege anipe mimi dagaa kidogo waliobaki ndani yake?

Si nimpe Baba Rukia dagaa mwenyewe?

PumbaNaMashudu, saa 5:24 asubuhi

Mama, mimi nauza chakula cha samaki. Usiniulize maswali kama hayo hadharani.

Mdigo_wa_Bergen, saa 8:15 mchana

Nimecheka peke yangu kwenye basi. Mimi ni wa Tanga, niko Norway mwaka wa tisa, mitano yake nilisimama kwenye mstari wa kupasua samoni wa kufugwa. Swali la mama ndilo limewasumbua watu wa huku.

Samoni wa kufuga zamani alilishwa samaki wengine hasa, unga wao na mafuta yao, mengi kutoka dagaa wa Peru. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula chake hapa Norway ilitoka baharini. Kufika 2013 ilikuwa asilimia 30 hivi. Nyingine ni soya na mafuta ya mbegu za rapa, maana dagaa wa dunia nzima hawatoshi. Na mwili wa samoni ukafuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling walipima samoni wa Scotland wakaona EPA na DHA zimepungua nusu kati ya 2006 na 2015.

Lakini msikimbilie kusema wa mwitu ndiye bora kwa kila kitu. Yale yale majedwali ya Marekani aliyoyataja ndugu wa Pongwe yanasema samoni wa Atlantiki wa kufugwa ana mafuta gramu 13 hivi kwa kila 100, wa mwitu 6 hivi. EPA na DHA za wa kufugwa zinakaribia gramu 2, za wa mwitu 1.4 hivi. Umeona? Ukipima tone kwa tone, mafuta ya wa mwitu yana omega-3 nyingi zaidi. Ukipima sahani kwa sahani, wa kufugwa anakupa zaidi kwa sababu amejaa mafuta tele, ila pamoja nazo unameza linoleiki mara kadhaa ya ile ya mwenzake. Kwa macho huhitaji maabara: wa kufugwa ukimlaza ubavu unaona mistari minene myeupe katikati ya nyama, wa mwitu mistari kama uzi.

Ndiyo maana maneno ya samoni hayamfai perege. Samoni anaweka mafuta ndani ya nyama, utayala utake usitake. Perege anaweka tumboni, na mama anampa paka.

Nimekumbuka mihogo ya Raskazone, basi tu.

BabuJarife (Sahare), saa 11:50 jioni

Mjukuu wangu ananiandikia haya, mimi nasema yeye anabonyeza.

Mama Karai, mwanangu, nimevua miaka arobaini na mbili. Mafuta ya samaki si kitu kimoja hata kwa samaki wa aina moja. Kibua aliyekwisha taga ni ukuni, umpake ndimu umpake nini, ni ukuni. Kibua aliyenenepa utamjua mgongoni, ukimbonyeza karibu na pezi anarudi. Anayekwambia vibua wote ni sawa hajakaa nao.

Na si kila mafuta ya baharini ni dawa. Sisi wa jarife, wavu wa samaki wakubwa, tulianza kuwatoa silikanti huku kwetu miaka ya 2000, yule samaki wa kale ambaye kwa ajili yake walikuja kutangaza hifadhi mwaka 2009. Mwili wake una mafuta ya ajabu, kama nta, tumbo la mtu haliyasagi. Jirani yangu mmoja alikaidi akala. Sitasema zaidi, kuna wanawake hapa.

Jingine, mnasema wa kufuga, wa kufuga, kama kwamba ni kabila. Mwatiko je? Bahari ikiwa bamvua watoto wake wanaingia wenyewe kwenye mabwawa ya chumvi, wenye mashamba wanafunga mlango. Hapewi pumba wala ugali. Anakula ule utando wa kijani wa chini, hana hata meno. Huyo ni wa mwitu au wa kufugwa? Mafuta yake nayajua mdomoni, ni ya bahari. Miba ndiyo kesi.

PumbaNaMashudu, saa 12:10 jioni

Shikamoo babu. Hapo kwenye mwatiko umenifunga goli. Ukuta wa bwawa haubadilishi mafuta, kinachobadilisha ni kinachoingia mdomoni. Mwatiko wa utando na mwatiko wa pumba za mahindi ni samaki wawili ukiwapima.

MamaKarai, Ijumaa saa 2:30 usiku

Nimerudi. Shikamoo babu, hiyo habari ya jirani niliisikia tangu mdogo, nikadhani ni uongo.

Jana ndoo ililetwa. Leo nikafanya jambo ambalo tangu nianze kukaanga sijawahi kulifanya: nikapima mafuta ya karai. Nilitia chupa moja kamili ya mafuta ya alizeti, yale ya nusu lita, nikakaanga kilo moja ya perege waliopasuliwa, bila unga, chumvi na ndimu na tangawizi tu. Yalipopoa nikayarudisha kwenye chupa kwa kichujio. Chupa haikujaa. Pengo lilikuwa kama vidole vitatu. Nikatia chupa nyingine, nikakaanga kilo ya vibua. Pengo lilikuwa dogo, kidole na kitu, na yale mafuta yaliyorudi yalikuwa yamebadilika rangi na harufu, yananuka kibua.

Sasa nikakaa jikoni nikafikiri. Wewe PumbaNaMashudu umesema perege ana mafuta gramu 2 kwenye gramu 100. Vidole vitatu vya chupa ni zaidi ya hapo, ni zaidi mara nyingi, hata nikiondoa yaliyobaki kwenye karai na kichujio. Basi wiki nzima mmenieleza mafuta ya perege, na Baba Rukia anakula mafuta ya alizeti niliyoyanunua mimi dukani kwa hela yangu! Alizeti ya shudu ndani ya perege, alizeti tena kwenye karai. Na kibua, ile omega yake aliyoitoa Bahari ya Hindi, nusu ameniachia kwenye chupa.

Nimekosea wapi?

PumbaNaMashudu, saa 2:41 usiku

Hujakosea mama. Nusu ni nyingi, haitoki nusu, ila kutoka inatoka. Samaki mwenye nyama kavu akikaangwa maji yanatoka na mafuta ya karai yanaingia mahali pake. Mwenye mafuta yake anabadilishana, anatoa anapokea. Hilo lilitakiwa niliseme mimi siku ya kwanza, nikaona raha kuzungumzia Lushoto.

Perege mchemshie, au mchuzi wa nyanya. Bado ni nyama nzuri, haina mafuta mengi ya kuganda kama ng'ombe, na ni ya bure. Kwa kuchemsha hapati omega nyingi, lakini hapati na chupa yako. Vibua mara mbili tatu kwa wiki, wa kuchoma au mchuzi. Na dawa alizopewa asiziache kwa sababu ya sisi wa mtandaoni, mimi ni fundi wa pumba si daktari.

Makorora_Damu, saa 2:44 usiku

Na wa kupaka? Mama usituambie na wa kupaka haramu.

PumbaNaMashudu, saa 2:50 usiku

Tui la nazi ni lile lile linaloganda Lushoto. Siku ya harusi.

MamaKarai, saa 3:05 usiku

Kuhusu dagaa, nimeenda Deep Sea leo asubuhi nikauliza. Wale dagaa mchele wakavu wanachemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, na Baba Rukia ana presha, kwa hiyo hapo pana mtego. Halafu waliokaa juani muda mrefu nimewaona wamegeuka rangi kama kutu, wananuka mafuta yaliyochacha. Yule mama muuzaji akasema "hao ni wa kuku." Nikawaza, kumbe mafuta mazuri ndiyo yanayoharibika upesi, ya nazi yangekaa tu. Nimechukua wabichi, wa asubuhi hiyo hiyo, kisado kimoja, nikawapika na nyanya, bizari na pilipili mbuzi. Karai halikuguswa.

Baba Rukia amekula, amenyamaza, kisha akauliza perege wa ndugu yake wako wapi. Nimemwambia wako kwenye friji, kesho wanachemshwa. Akasema: "Wanachemshwa? Nani mgonjwa humu ndani?"

Shemeji nimempigia kuhusu samadi. Amekubali bwawa moja.